Tulivyomtazama Mbwa Akinywa Maji

Mimi mbwa nawaogopa tangu utotoni, na sioni haya kusema. Kwetu kijijini Shika Adabu ndivyo tulivyolelewa: mbwa akipita huku, wewe pita kule, na akikugusa akiwa amelowa, kazi unayo, maana utaosha mara saba na moja yake kwa mchanga. Kwa hivyo mwanangu, yule afanyaye kazi bandarini, aliponiletea mbwa ndani ya gunia, nilimwuliza kama amerukwa na akili.

"Mama," akaniambia, "jirani yako juzi kakatwa mkono kwa ajili ya mbuzi. Wewe wakaa peke yako. Unataka nipate usingizi vipi?"

Wezi walikuwa wamekuja kwa jirani na mapanga, tena jua halijazama vizuri, wakachukua mbuzi na mkono wa mwenyewe wakauacha unaning'inia. Tangu siku ile kuti likianguka tu, moyo wanitoka. Nikaona hofu ya mbwa ni afadhali kuliko hofu ya watu. Na mbwa wa kulinda mifugo hata dini haikumkataza, nikajiambia, mradi asiingie ndani. Nikampa sufuria yake, nikampa mahali pake chini ya mkorosho, nikamwonyesha mlango wa nyumba na kumwambia kwa mdomo wangu kwamba hapa hupiti. Jina sikumpa.

Taabu yangu ilikuwa moja: sina ua. Shamba letu ni la marehemu baba, na tangu azikwe halijagawanywa. Warithi tuko wengi, wengine hapa hapa, wengine Bombolulu, mmoja hata hatujui yuko wapi, na kila tukikutana tugawe tunaondoka tumenuniana. Basi shamba likabaki wazi hivyo hivyo. Nyumba yangu iko chini, ya kaka yangu mkubwa iko juu, na katikati ni njia ya watu, inayopita mbele ya jiko langu. Ndiyo njia ya kisimani, ndiyo ya msikitini, ndiyo ya watoto wa madrasa wakienda na wakirudi. Hakuna aliyewahi kuifunga na hakuna wa kuifunga.

Mbwa naye atajuaje njia ya watu ni nini? Siku za mwanzo nilimwacha huru, akamkimbiza mwalimu wa madrasa mpaka mzee wa watu akapanda ukingo wa kisima, kanzu kaikunja mkononi, ananiita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Watu walicheka. Na mimi nilicheka, tena sana. Kisha nikawaza: je, angekuwa mtoto? Kicheko kikanikauka pale pale. Tangu hapo nikawa naogopa mambo mawili kwa pamoja, wezi wasije na mbwa asitoke.

Nikamfunga kwa mnyororo kwenye shina la mkorosho. Akazidi ukali. Mtu wa mifugo, aliyekuja kuwatibu mbuzi wangu, akatikisa kichwa. "Mama, mbwa ukimfunga mahali pamoja kutwa, wamfundisha uchungu. Mpe nafasi ya kukimbia." Akanieleza namna. Mwanangu akachimba shimo upande wa banda la mbuzi, akasimamisha boriti, akafunga waya mnene kutoka mkoroshoni mpaka kwenye boriti ile, na kwenye waya akatia pete. Mnyororo ukafungwa kwenye pete. Mbwa akawa anakwenda na kurudi, pete inalia juu yake, kutoka mkoroshoni mpaka bandani, lakini njiani hafiki.

Mimi nikaongeza la kwangu. Mahali mnyororo unapoishia nilimwaga mstari wa chokaa chini, kisha nikaipaka chokaa boriti yote, nyeupe pe, watoto waione kutoka mbali. Kila mtoto wa madrasa nilimsimamisha mwenyewe. "Waona mstari huu? Ukisimama hapa, hakufikii. Ukivuka, shauri yako." Aliyeshika somo kuliko wote ni mjukuu wa kaka yangu, msichana mdogo aliyekuwa ameng'oka meno ya mbele. Kila akirudi madrasa alikuja kusimama, vidole vya miguu vikiwa nyuma kidogo ya chokaa, na kusema, "Shikamoo, mbwa." Mbwa akitingisha mkia, yeye hucheka mpaka juzuu yake imponyoke mkononi. Nikimwita huitika, "Abee, nyanya," bila kuondoa macho kwa mbwa. Babu yake alimpenda mtoto yule kupita maelezo. Kaka yangu si mtu wa kuchekacheka, lakini kwa mtoto yule alikuwa maji.

Bado sikuwa na amani. Waya hushika kutu. Mnyororo hukatika. Nikilala nauwaza mnyororo, nikikaanga mahamri nauwaza mnyororo. Nikaona nipande ua ulio hai. Nikaenda kuomba vipande vya minyaa, mti ule wenye utomvu mweupe, nikavichomeka kimoja kimoja upande wa ndani wa mstari wangu, wala njia sikuigusa. Mti ule hautaki taabu, ukiuchomeka umeshika.

Ijumaa baada ya swala kaka akapita, kofia kichwani, fimbo mkononi. Akasimama. Akaitazama minyaa yangu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Nini hii?"

"Ua wa mbwa, kaka."

"Ua wa mbwa, au mpaka wako?"

Hapo ndipo na mimi nilipoiona minyaa kwa macho yake. Kwetu huku mipaka ya mashamba huwekwa kwa mti huo huo. Mtu hupanda leo, mvua ikanyesha, watoto wakakua wakiambiwa kwamba upande huu ni wa fulani, na siku ya kugawa mti ndio shahidi. Mimi mtoto wa shamba, nimezeeka shambani, na wazo hilo halikunipitia kichwani.

"Wallahi sina nia hiyo," nikamwambia. "Naogopa watoto wasiumwe. Na wako ndiye wa kwanza."

"Nia yako ataijua nani ukishakufa?" akasema. "Umepanda, umegawa. Peke yako."

Akawapigia simu wenzake. Huyo ndugu yangu simu ya kuulizana hali haipigi, lakini ya shari hakawii. Wakaja warithi mpaka wale ambao hata kwenye khitma ya baba sikuwaona, wakasimama kiwanjani kwangu wakizungumza kwa sauti za chini kana kwamba kuna maiti, na minyaa ikang'olewa yote. Mimi nilikuwa jikoni, nakaanga huku nikiwatusi kimoyomoyo. Lakini niliogopa pia. Mwanamke mjane aliyerudi kwao, ndugu zake wakimgeuka, hana pa kwenda. Nikasema basi, wacha mbwa abaki na waya wake.

Siku chache baadaye nilikwenda barabarani kuuza mahamri kama kawaida. Nilirudi alasiri, karai tupu kichwani, na kabla sijafika nyumbani nikasikia ukelele wa mtoto. Karai sikumbuki nililitupa wapi.

Yule mjukuu wa kaka alikuwa amekaa chini, juzuu pembeni, mguu umechanika nyuma ya goti, damu imeingia hadi kwenye kiatu. Mbwa alikuwa amesimama juu ya mstari wa chokaa, waya umelala chini nyuma yake. Watoto wenzake wamepanda ukingo wa kisima, wanalia. Nikamvuta yule mdogo kwa kwapa. Akaniambia, "Sikuvuka, nyanya. Wallahi sikuvuka." Na kweli hakuvuka. Nyayo zake zilikuwa pale pale nilipomfundisha asimame.

Ndipo nikaiona boriti. Ilikuwa imelazwa chini kando ya banda, imelazwa kwa adabu, shimo lake limefukiwa na kukanyagwa. Na kwenye ukuta wa banda imeegemezwa fimbo ya kaka yangu, kaisahau. Sikuhitaji kuelezwa. Alipita, akaona boriti nyeupe imesimama ardhini, akafikiri na hiyo ni alama ya mpaka niliyobakiza baada ya minyaa. Akaing'oa, waya ukalegea, akaenda kuswali. Mbwa wakati ule labda alikuwa amelala chini ya mkorosho, hata hakuinuka.

Waya nikauvuta, nikauzungusha kwenye shina la mkorosho mbwa asifike tena njiani. Tuliosha mguu kwa maji na sabuni mpaka mtoto akaishiwa na sauti. Mimi na mama yake tukapanda boda mpaka feri, tukavuka kwenda mjini. Ndani ya feri mama mtu ananishika mkono, haniulizi kitu, na mimi naomba aniulize, anitukane, afanye lolote. Hospitalini mtoto akadungwa sindano ya kwanza ya kuzuia kichaa cha mbwa. Za kufuatia tukaambiwa zimekwisha, tutapigiwa simu zikija.

Muuguzi akaniuliza, "Mbwa amechanjwa?"

"La."

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Nyumbani. Kwa waya."

"Basi sikiliza, mama. Msimuue. Mfungieni mahali asipoweza kutoka wala mtu kumfikia, mumtazame siku kumi. Akila, akinywa, akikaa mzima mpaka mwisho, mtoto wenu hana neno. Lakini akibadilika, akakataa maji, akatokwa na mate, mkimbilie hapa siku ile ile. Na akitoroka au akifa kabla, hatutajua kama alikuwa na kichaa." Alimtazama mtoto, akaanza kupanga vitu mezani.

Simu ikalia tukiwa bado kwenye foleni ya kurudi. Jirani. "Njoo upesi, watu wamejaa kwako na magongo, kaka yako ana panga." Sijui nilivukaje. Najua nilikuwa nasema peke yangu ndani ya feri, asiuawe, ya Rabi, asiuawe, mimi ambaye mbwa simpendi, na watu wanasogea mbali nami.

Nilimkuta kaka ananyemelea chini ya mkorosho, panga mkononi, mbwa amerudi nyuma hadi kwenye shina, meno nje. Nikaingia katikati. Sijawahi kumpigia kelele kaka yangu mkubwa maisha yangu yote.

"Muue! Muue basi, na usiku ukilala ujiulize kama mjukuu wako ana kichaa cha mbwa au hana! Muue!"

Nikamwambia aliyoyasema muuguzi, neno kwa neno, mbele ya watu wote. Mkono wake ukashuka. Akaitazama fimbo yake kule ukutani, akanitazama mimi, akajua kwamba najua. Akawageukia watu.

"Nyote mashahidi. Wallahi, siku mtoto akiwa salama, mbwa huyu jua halimchwei akiwa hai."

Mimi sikujali kiapo. Nilichotaka ni hizo siku zipite na mtoto awe hai.

Sasa tumtie wapi? Shamba liko wazi pande zote. Kwenye waya atatupiwa mawe na wapita njia, au nyama yenye sumu, na banda la mbuzi ni fito tu. Pahali penye kuta nne na mlango wa kufuli kwangu ni pamoja tu, napo ni chumbani kwangu. Nikatoa mswala. Nikatoa msahafu, nguo, kitanda nikakiegemeza sebuleni. Kaka akatazama ninavyotoa vitu, akashika upande mmoja wa godoro bila kuambiwa. Kisha mnyama yule, ambaye nilikuwa nimemwapia kwamba mlango huu hupiti, akaingizwa chumbani kwa mnyororo, na ufunguo nikaufunga kwenye pindo la leso.

Kila asubuhi baada ya swala kaka alikuja na kopo la maji. Hakumwamini mtu mwingine kuyaleta, hata mimi. Tulifungua dirisha dogo, yeye akateremsha kopo kwa kamba, tukasimama bega kwa bega kutazama. Mbwa akaja, akanusa, akatoa ulimi.

"Anakunywa," husema kaka.

"Anakunywa," nami humjibu.

Hapo ndipo pumzi zinaporudi. Huondoka, na mimi hubaki na hofu yangu mpaka kesho. Nilimtazama mbwa yule kuliko nilivyowahi kumtazama mwanangu mwenyewe. Akipiga miayo, nauliza kwa nini anapiga miayo. Akilala sana, moyo wanidunda. Mate yake niliyatazama mpaka macho yakaniuma. Mtoto naye alikuwa kule juu, anacheza na bandeji mguuni, anauliza mbwa yuko wapi, na kila akikohoa nyumba nzima inanyamaza. Simu ya hospitali haikulia.

Mbwa wa watu, mwanzo alimbwekea kaka. Siku zilivyokwenda akawa anamngoja. Akisikia kikohozi chake njiani husimama dirishani, mkia unapiga ukuta. Kaka hamtazami machoni. Hutazama ulimi na maji, basi.

Ikaja asubuhi moja, mvua imenyesha tangu alfajiri. Kaka akateremsha kopo. Mbwa akaja, akanusa, akageuza uso. Kaka akalivuta kopo, akaliteremsha tena. Mbwa akaenda kulala pembeni.

"Ana nini?" akaniuliza. Sauti haikuwa yake.

"Mngoje kidogo."

Tukangoja. Mbwa hakuinuka. Nilimwona kaka yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, akikaa chini kwenye tope pale pale chini ya dirisha, kopo mkononi, midomo inacheza bila sauti. Nikawaza mguu wa yule mtoto na vidole vyake nyuma ya chokaa. Kisha akasema, polepole, ananena na kopo, "Mimi ndiye niliyeing'oa."

"Najua," nikamwambia.

Sikutaka kumtazama akilia, nikaupeleka uso dirishani. Ndipo nikasikia. To. To. To. Bati la chumba changu huvuja upande wa kitanda, na masika yote mimi huweka beseni hapo. Beseni lile sikulitoa siku nilipotoa vitu. Lilikuwa pale ukutani, lina maji ya mvua hadi nusu, na ukingoni limejaa manyoya.

"Kaka! Kashakunywa! Beseni, kaka, njoo uone, kashakunywa ya mvua!"

Akainuka, akatia kichwa dirishani, akatazama beseni kwa muda mrefu. Hakuamini mpaka adhuhuri, mbwa alipoinuka mwenyewe na kwenda kulamba maji pale pale mbele ya macho yetu. Kaka akaegemeza paji la uso ukutani. Kisha akacheka, kicheko kibaya chenye machozi, na mimi nikacheka naye, na kwa mara ya kwanza tangu baba azikwe tulikula chakula kimoja.

Siku ya mwisho akaja mtu wa mifugo. Akaingia chumbani, akamshika mbwa taya, akamtazama macho, akamtembeza. Akatoka anapangusa mikono. "Mzima kabisa. Kichaa hana. Mtoto wenu salama." Mama wa mtoto akapiga kigelegele pale nje, akashindwa kukimaliza. Mimi nilikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, mara nyingi, nikajiona mwepesi kama niliyepona homa.

Nilipoinua uso, watu walikuwa wamekwisha kutawanyika na kaka amesimama mlangoni kwa chumba. Panga lilikuwa limewekwa juu ya kizingiti. Nikaelewa. Siku zote zile niliomba ziishe haraka, na hakuna hata siku moja niliyowaza kwamba zikiisha, hakuna tena anayemhitaji mnyama yule awe hai.

"Kaka, kiapo kina kafara," nikamwambia. "Lisha maskini, Mungu atakusamehe. Nitapika mimi."

"Si kiapo."

"Basi ni nini? Si umeambiwa mzima?"

"Kesho watoto watapita tena njia ile," akasema. "Na mimi nitakuwa nyumbani nasikiliza. Siwezi, dada. Nimechoka kuogopa." Akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo."

Nikawaza boriti, waya, minyaa, mahali pengine pa kumpeleka, na hakuna mtu tunayemjua ambaye angempokea mbwa aliyemuuma mtoto. Nilifungua fundo la leso. Lilikuwa limekaza, ikabidi nitumie meno, nikampa ufunguo.

Alifungua kufuli. Mbwa alitoka mbio, mkia unampiga mbavu huku na huku, akamzunguka, akanusa mikono yake yote miwili kutafuta kopo. Kaka alishika mnyororo, akachukua panga, wakaenda wote wawili kwa njia ya chini, nyuma ya mikorosho. Mimi nilijifunika leso kichwani, nikaziba masikio kwa viganja, na hata hivyo nilikuwa nasikiliza.

Alirudi na mnyororo mtupu, panga kalipangusa kwa majani. Aliuning'iniza taratibu kwenye msumari wa mlango, akaketi karibu nami.

"Nilidhani nitamburuta," akasema. "Mnyororo nilimfungua njiani. Nikatangulia, nikamwita, akaja."